Barua ya wazi kwa mdogo wangu anayekificha Kiswahili Kampala

Mdogo wangu,

Natumai u mzima na mitihani haijakubana sana. Nakuandikia hadharani, bila kutaja jina lako, kwa sababu jambo hili si lako peke yako. Wapo vijana wengi wa Uganda waliolelewa kwa Kiswahili, wa Bombo, wa Arua, wa Mpondwe, wa kwenye kambi za jeshi, na sisi wa Walukuba hapa Jinja, ambao wakishafika Kampala hawakisemi tena. Wakiulizwa, wanajibu kwamba wanakisikia kidogo tu.

Sikulaumu kwa kusema Kiganda. Umekijifunza haraka, na unakisema vizuri mpaka wenyewe wanakuuliza wewe ni wa ukoo gani. Nakusifu kwa hilo. Anayekwenda kwa watu akajifunza lugha yao amewaheshimu. Kinachoniuma ni kingine.

Siku ile tulipopanda taksi pale Wandegeya, wewe, mimi na mwenzako wa hosteli, mama mdogo alipiga simu. Sauti yake unaijua, anaongea na simu vilevile anavyonadi mukene, dagaa wa ziwani, kule Masese upepo wa ziwa ukivuma. "Mwanangu, umekula? Nimekutumia samaki, dereva atafika saa kumi." Abiria wa kiti cha mbele akageuka kutazama. Wewe ukajibu kwa Kiingereza kwamba amekosea namba, ukakata. Mwenzako akasema matapeli wa Kiswahili wamezidi siku hizi, wanapigia watu ovyo. Ukacheka naye.

Samaki wale nilikwenda kuwapokea mimi. Walikuwa wamekaushwa vizuri, wamefungwa kwa gazeti, kisha wakatiwa ndani ya kavera jeusi, na juu yake mama mdogo alikuwa amebandika kipande cha karatasi chenye jina lako kwa herufi kubwa. Chini ya jina ameandika: "Ule na wenzako." Nilikuletea samaki, ile karatasi nikaiweka.

Najua kicheko cha mwenzako kimetoka wapi, na sitaki kujifanya kwamba hakina chanzo. Katika nchi hii Kiswahili kilikuwa lugha ya jeshi tangu enzi za King's African Rifles, jeshi la Waingereza la wakati wa ukoloni. Mwishoni mwa miaka ya 1920 serikali ya kikoloni ilipotaka kukipa nafasi kubwa zaidi, Kabaka Daudi Chwa, mfalme wa Buganda, alikipinga waziwazi. Mwaka 1973 Idi Amin akakitangaza kuwa lugha ya taifa, na kwa watu wengi wa kusini lugha hiyo ikawa ndiyo sauti ya mtu mwenye bunduki kwenye kizuizi cha barabarani. Majambazi nao walikuwa wakiamrisha watu kwa Kiswahili. Mzee aliyeporwa na kupigwa miaka hiyo, leo akisikia "fungua" na "lala chini" mwili wote unamsisimka. Mzee huyo namwelewa. Akiniomba niseme naye Kiganda, nitasema Kiganda, na nitamwamkia nimepiga magoti kama mila yake inavyotaka.

Mwenzako lakini ni binti wa miaka ishirini na kitu. Hajawahi kusimama kwenye kizuizi cha Amin. Hakuambiwa kwamba hata wanajeshi wa Tanzania walioingia Kampala Aprili 1979, wakapokelewa kwa vifijo, walikuwa wakizungumza Kiswahili hichohicho. Kilichomfikia ni dharau tu, na dharau hiyo anaiendeleza kwa sababu kila aliyekaa naye anaiendeleza. Katiba iliporekebishwa mwaka 2005 Kiswahili kilifanywa lugha rasmi ya pili. Mwaka 2022 baraza la mawaziri likaagiza kifundishwe kwa lazima shuleni, msingi na sekondari. Wewe unayesomea ualimu unayajua hayo kuliko mimi. Hata hivyo sikuombi ukitunze kwa ajili ya ajira. Hata kama kisingekuletea shilingi moja, bado ningekuandikia.

Kuna jambo la babu ambalo sidhani uliwahi kuelezwa vizuri, maana mama zetu hawapendi kulizungumza. Babu alitoka Arua akaja Jinja kufanya kazi ya viwanda, akapewa nyumba Walukuba. Mtaa ule ulijengwa kwa ajili ya wafanyakazi, na watu walitoka kila upande: Wasoga, Wagisu, Waalur, Wajaluo, Walugbara. Ili mtu aazime chumvi kwa jirani, Kiswahili kikawa hakiepukiki. Ndicho kilichotulea.

Amin alipoanguka, watu wa West Nile, upande wa Arua na kwao Amin, pamoja na Wanubi walisakwa kwa makosa ya mtu mmoja na jeshi lake. Wengi waliuawa, wengine wakakimbilia Sudan na Zaire. Babu alibaki. Kwa muda mrefu hakutamka jina la Arua mbele za watu, na Kilugbara akakiachia ndani ya nyumba, mlango ukiwa umefungwa. Aliyekuwa na watoto sita ndani ya nyumba, mimi siwezi kumuuliza kwa nini alijificha. Alijificha ili waishi, na mimi na wewe tumezaliwa kwa sababu waliishi.

Wewe, mdogo wangu, hakuna anayekusaka. Ungesema "halo mama" ndani ya taksi ile, ambacho kingekupata ni macho ya abiria mmoja na utani wa jioni moja hosteli. Najua utani unaumiza, hasa ukiwa mgeni na unataka watu wakuzoee. Ila usijiambie kwamba unachofanya ni kile alichofanya babu.

Nataka pia nikueleze jaribio moja, maana limenisaidia kukuelewa bila kukukasirikia. Miaka ya 1950 huko Marekani, mwanasaikolojia Solomon Asch aliwaketisha wanafunzi wa chuo kikuu pamoja, akawaonyesha mistari iliyochorwa kwenye kadi, akawauliza upi unalingana na upi. Jibu lilikuwa wazi, mtu akiwa peke yake alikuwa hakosei kabisa au anakosea kwa nadra sana. Lakini katika kila kundi mmoja tu ndiye aliyekuwa anapimwa. Wengine wote walikuwa wamepangwa watoe jibu lilelile la uongo. Takriban robo tatu ya waliopimwa walifuata uongo huo angalau mara moja. Baadaye wengine walieleza kwamba walidhani macho yao yana kasoro, na wengine walikuwa wanaona sawasawa ila hawakutaka kuonekana tofauti. Kwa hiyo hii si tabia ya watu dhaifu. Ni ya watu.

Kisha Asch akabadilisha kitu kimoja. Kwenye kundi akamweka mtu mmoja anayesema ukweli. Mmoja tu, wengine wote wakaendelea na uongo wao. Makosa yakashuka hadi kama robo ya yale ya mwanzo.

Nimelifikiria hilo sana kwa sababu ya jambo ulilonisimulia mwenyewe. Ulisema ghorofa yenu kuna msichana wa Kasese, upande wa mpakani, ambaye simu yake ikiita usiku hutoka chumbani akaenda kuongelea kwenye ngazi. Ukasema ulipita ukamsikia anaongea na bibi yake kwa Kiswahili, akakuona, akashusha sauti. Wewe ukapita bila kusema neno. Kwa hiyo mko wawili kwenye ghorofa moja, kila mmoja anamficha mwenzake kitu ambacho wote mnacho, na wenzenu wanaendelea kuamini kwamba hosteli nzima hakuna mtu wa heshima anayezungumza lugha hiyo.

Sikuombi usimame chumbani ukawahutubie. Msalimie tu huyo msichana. Muulize bibi yake hajambo, na umuulize kwa Kiswahili, pale mnapopanga foleni ya chai, mahali ambapo wengine wanasikia. Kama atanyamaza au atakujibu kwa Kiingereza, mwache, ana sababu zake. Kama atakujibu, mtakuwa wawili.

Mama mdogo atakutumia samaki tena mwisho wa mwezi. Safari hii kawapokee wewe mwenyewe, na akikupigia kuuliza kama wamefika, mjibu.

Dada yako,
Jinja