Si kila tunachokitupa ni taka

Mhariri,

Naomba nafasi gazetini mwako nizungumzie neno moja tulilolitwika mzigo usio wake. Neno lenyewe ni taka.

Juma lililopita, hapa Kibokoni, kijana anayetuzolea taka kwa mkokoteni alibisha hodi kwangu akiomba maji na kitambaa. Kiganja kilikuwa kimechanika, damu yamtiririka hadi kwenye kiko cha mkono. Alikuwa ameinua mfuko wa jirani, na ndani yake, katikati ya wali uliochacha na maganda ya ndizi, mlikuwa na vioo vya taa iliyovunjika. Nikiwa namfunga, jirani akatoka mbio, uso umemshuka. "Pole mwanangu. Wallahi mimi nilijua ni taka tu." Hakusema uongo. Kwake wali, maganda na vioo ni kitu kimoja, kwa kuwa vyote amevipa jina moja.

Mimi nimelelewa na bibi yangu katika vichochoro hivi hivi, na sikumbuki hata siku moja akiita nazi taka. Alikuwa akikaa juu ya mbuzi akikuna, kisha akilikamua tui kwa kifumbu. Kilichobaki ni machicha, na machicha ni ya kuku. Kifuu kilikwenda motoni, kile kizuri kikachongwa upawa. Makumbi yalikuwa na watu wake wa kusokota kamba. Akipeta mchele, wishwa aliutia kando. Makombo yalikuwa ya paka, majivu ya kusugulia sufuria. Jina lilikwambia kitu kiende wapi. Kilichokosa jina na kazi ndicho kilichopelekwa jaani, nacho kilikuwa haba, hakijazi hata pakacha.

Wako wanaopenda kusema kuwa taka ni kitu usichokitaka. Nakataa. Machicha nisiyoyataka mimi yanatakwa na jirani mwenye kuku. Tukisema hivyo tunampa kila mtu ruhusa ya kutupa alichochoka nacho bila kukitazama.

Na jina likikosewa, tunalipia. Miaka mingi mifuko ya plastiki tuliiita karatasi. "Nitilie kwenye karatasi," ndivyo tulivyomwambia muuza mboga pale Marikiti. Karatasi huoza. Ile haikuoza, iliziba mitaro ikatuletea maji ya mvua mpaka mlangoni, hadi serikali ilipoipiga marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Sasa ipo Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya 2022, inayotaka vinavyooza vitengwe na visivyooza. Sheria ni njema. Lakini utatenga vipi vitu ambavyo kinywani mwako havijatengana?

Liko jambo linaloniuma zaidi. Owino Uhuru, kule Jomvu, watu waliishi ukuta kwa ukuta na kiwanda kilichoyeyusha betri kuukuu kutoa madini ya risasi. Risasi ile iliingia katika damu ya watoto. Mwaka 2020 Mahakama ya Mazingira na Ardhi hapa Mombasa iliamuru wakaazi walipwe shilingi bilioni 1.3, na kesi hiyo ilipanda hadi Mahakama ya Juu. Bado nawasikia watu wakiyaita yaliyotoka pale "taka za kiwanda". Hapana. Ile ni sumu. Mama akiambiwa mwanawe anacheza karibu na taka, atamwita aje aoshwe miguu. Akiambiwa anacheza karibu na sumu, atamchukua amhamishe siku ile ile.

Basi ombi langu kwa kaunti na kwa vikundi vya vijana wanaozoa mitaani ni dogo. Yale mabango yanayosema "Tupa taka hapa" yaandikwe upya kwa maneno ya jikoni kwetu. Ndoo moja: maganda, makombo, machicha. Ya pili: chupa, mikebe, plastiki. Vioo, sindano na betri vifungwe peke yake, akabidhiwe mzoaji mkononi na aambiwe ni nini. Pampasi nazo zifungwe mbali; anayezibeba ana mama na ana watoto. Zamani mizigo yote hii ilimwagwa Kibarani, tukaipita kila tuingiapo kisiwani huku tumeziba pua. Leo Kibarani pamepandwa miti, na mizigo inapelekwa Mwakirunge, ambako pia kuna watu wenye pua na vifua.

Kijana wetu alirudi kazini siku ya tatu, mkono ungali umefungwa. Jirani yangu ameweka mkebe wa maziwa nyuma ya mlango na kuuandika kwa kalamu nene: VIOO.

Msomaji wako,
Kibokoni, Mombasa