Mjomba, usiwachanganye samaki wa Magadi

Mjomba, shikamoo.

Jumamosi ulipopitia kwangu South B ukitoka Magadi, ulinionyesha mtungi wa lita 20 uliokatwa shingo, na ndani yake samaki kumi na kitu, hakuna aliyezidi kidole changu cha kati. Ukasema safari ijayo utateka wengine chemchemi hiyo hiyo ukawamwage ile nyingine ambako wamepungua, "waongeze mbegu". Sikukujibu mbele ya watoto. Nakujibu sasa, na naomba usinikasirikie.

Hao si ngege waliodumaa. Ni Alcolapia grahami, na kwao ni Ziwa Magadi. Wanaishi katika magadi yale yale tunayotia kwenye maharagwe yaive upesi, maji ya moto yenye pH (kipimo cha ukali wa maji) karibu 10. Samaki wengi hutoa uchafu wa mwili kama amonia kupitia matamvua, lakini katika maji hayo amonia haitoki vizuri, kwa hiyo hawa hutoa yurea kama sisi binadamu. Usiku oksijeni ikipungua, huja juu wakameza hewa.

Zamani, miaka 10,000 hivi iliyopita, Magadi na Natron, ziwa jirani upande wa Tanzania, lilikuwa ziwa moja, na maji yake hayakuwa makali hivi. Yalipokauka, samaki wakabaki mafungu mafungu. Upande wa Natron leo kuna aina tatu nyingine. Mmojawapo, Alcolapia latilabris, ana midomo mipana inayotazama chini. Na hapo Magadi penyewe, vidimbwi vimetengwa na tabaka gumu la magadi. Waliochunguza vinasaba walikuta samaki wa dimbwi hili si sawa kabisa na wa dimbwi lile. Wewe macho yako hayaoni tofauti, wala yangu hayaoni, lakini ipo, Mjomba, na imechukua vizazi na vizazi kujengeka.

Kabla hujaondoka nilimtia mmoja kiganjani. Kidevu kilikuwa kimevimba na mdomo ameufumba kwa nguvu. Ni jike, amebeba mayai kinywani, ndivyo wanavyolea. Huyo peke yake ukimmwaga dimbwi geni, umemwaga na wanawe wote.

Najua utaniambia mbona walipelekwa Nakuru miaka ya 1950 na 1960 ili wale viluwiluwi vya mbu, na ndege aina ya mwari wakaja kwa maelfu kuwafuata. Ni kweli. Ila Ziwa Nakuru halikuwa na samaki wake. Hapakuwa na wa kuchanganyika naye.

Dimbwi lile likiwa limepungukiwa, tutazame kwanza kama maji yake yameshuka au chemchemi imeziba. Safari ijayo nipitie alfajiri twende wote. Mtungi tuujaze maji ya kunywa, maana kuanzia Olorgesailie kushuka jua halina huruma.