Risala ya Wahitimu wa Kidato cha Sita, Tahasusi za HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) na HGL (Historia, Jiografia na Kiingereza), kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mkuu wa Shule, wajumbe wa Bodi, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu: Assalaam aleykum. Tumsifu Yesu Kristo. Bwana Yesu asifiwe.

Tunakushukuru kwa kukubali kuja. Wewe ni wakili, na ulisoma HKL katika madarasa haya haya. Ndiyo maana risala yetu haitazungumzia uzio wala maji, ambayo Mkuu wa Shule atayaeleza vizuri kuliko sisi. Tunataka kusema juu ya kozi za chuo kikuu zinazotusubiri.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mwanafunzi wa tahasusi zetu akienda likizo huulizwa, "Ukimaliza utakuwa mwalimu, sivyo?" Ualimu tunauheshimu, bila walimu hawa tusingesimama hapa. Linalotuuma ni dhana kwamba mlango ni huo mmoja, na kwamba aliyekosa sayansi amekosa maisha. Historia ya nchi yetu haisemi hivyo. Chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilifunguliwa tarehe 25 Oktoba 1961, wiki sita kabla ya Uhuru, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba. Kilianza na kitivo kimoja tu, nacho kilikuwa cha Sheria. Nchi iliyokuwa inakaribia kujitawala iliwataka kwanza watu wa kuandika na kutetea sheria zake.

Leo nafasi ni pana zaidi. Mwaka 2021 Bunge lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Hapo imezaliwa kazi kubwa, kwa sababu sheria nyingi zilitungwa kwa Kiingereza, na neno moja likitafsiriwa vibaya mtu anaweza kupoteza shamba lake. Kazi hiyo mwanasheria peke yake haiwezi, na mwanaisimu peke yake haiwezi. Tunaamini kwa dhati kwamba anayesoma shahada ya Kiswahili apewe nafasi ya kusoma na misingi ya sheria, na anayesoma sheria akae darasa moja na watu wa tafsiri.

Wasichana miongoni mwetu wameomba jambo hili lisemwe wazi. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti aolewe akiwa na miaka 15, ilhali mvulana alitakiwa afikishe 18. Mwanaharakati wa haki za wasichana, Rebeca Gyumi, alifungua kesi kupinga jambo hilo, Mahakama Kuu ikakubaliana naye mwaka 2016, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikaunga mkono uamuzi huo. Tuliposoma habari hiyo tulielewa kwa nini vyuo vinafundisha masomo ya jinsia, sosholojia na sera za umma. Hoja ya mahakamani huanza kwa mtu aliyejifunza kutazama jamii yake na kuuliza kwa nini huyu apewe ulinzi na yule anyimwe.

Sanaa nayo ina mahali pake. Wenzetu wanaochora, wanaoimba na wanaoigiza wanaweza kwenda Taasisi ya Sanaa na Utamaduni Bagamoyo (TaSUBa) au kusoma sanaa chuo kikuu, na tunatamani wafundishwe huko huko mikataba na Sheria ya Hakimiliki, kwani msanii asiyejua anachosaini kazi yake huliwa na wengine.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, changamoto yetu ni taarifa. Mwongozo wa udahili wa Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania (TCU) upo mtandaoni, lakini wengi wetu tunatoka vijiji ambako intaneti ni ya kubahatisha. Matokeo yakitoka, mtu anakwenda steshenari mjini, anajaziwa maombi haraka, na kozi ya miaka mitatu au minne inachaguliwa na kijana wa kaunta ambaye hata hamjui.

Kwa hiyo tunaomba mambo mawili. Kwanza, uje na wenzako wa sheria, lugha, sera na sanaa, mkae na kidato cha tano siku nzima kabla hawajaingia cha sita. Pili, utusaidie kupata kompyuta na intaneti katika maktaba ya shule, na dirisha la udahili likifunguliwa, wahitimu turuhusiwe kurudi kuomba vyuo tukiwa na mwalimu wa taaluma pembeni.

Naomba kuwasilisha.