Plaiwudi ya milimita 18 isiyofika 18

Ndugu Mhariri,

Bei ya plaiwudi ndiyo gumzo la karakana na saiti zetu hapa Dodoma, kuanzia Nkuhungu hadi Ihumwa, na kila anayetoka dukani anailaumu dola. Dola ina lawama yake kweli. Mwanzoni mwa 2023 ilikuwa ikibadilishwa kwa shilingi 2,330 hivi. Katikati ya 2024 ilishapita 2,600, sawa na ongezeko la karibu asilimia 12. Bodi ya China hununuliwa kwa dola, meli hulipwa kwa dola, ikishuka Dar es Salaam inakutana na ushuru na VAT ya asilimia 18, halafu inapanda lori kilomita 450 hivi kuja huku. Hata bodi ya hapa nchini, ya Mafinga mkoani Iringa, haikupona. Magogo ni yetu, lakini gundi na ile karatasi nyeusi ya filamu inayobandikwa usoni kwa sehemu kubwa huagizwa nje, na lori linalopita Mtera halitembei kwa maji.

Hayo tunayaelewa. Kinachotuuma ni upandaji wa pili, ambao hauonekani kwenye risiti. Chukua bodi iliyouzwa kwa jina la "milimita 18", ipime kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Si ajabu kukuta 16.5, mara nyingine 16 kamili. Kupata mbao ileile uliyolipia ingebidi uongeze asilimia 12.5 ya bodi. Yaani anguko zima la shilingi la mwaka ule na nusu limejificha ndani ya milimita mbili, na hakuna gazeti lililoliandika.

Anayedhani milimita mbili ni jambo dogo aangalie ugumu wa bodi. Ugumu haupungui sawasawa na unene. Unafuata unene mara unene mara unene. Bodi ya 16 ina asilimia 70 tu ya ugumu wa bodi ya 18. Ya 15 inabaki na asilimia 58. Sasa iweke chini ya slabu ya sentimita 15: zege bichi peke yake ni kilo 360 kwa kila mita ya mraba, bado watu, toroli na mtikisiko wa vaibreta. Fundi amezoea kupanga mbao za chini kila sentimita 40 kwa bodi ya 18. Akiziacha hapo kwa bodi ya 16, dari la chini litatoka na matumbo, na mpiga plasta atayajaza kwa saruji ambayo haikuwamo kwenye hesabu. Dawa ni kusogeza mbao ziwe kila sentimita 36, au 35 kwa usalama. Lakini atajuaje asogeze, ikiwa bodi imeandikwa 18?

Kipimo chenyewe si kigumu. Usipime ukingoni kabisa, maana ukingo huwa umebanwa na msumeno au umevimba kwa unyevu; ingia ndani sentimita mbili, pima kila kona na katikati ya pande mbili ndefu. Hizo ni sehemu sita. Kiwango cha Ulaya kinaruhusu bodi ya 18 iliyopigwa msasa ishuke kwa milimita 0.9 hivi, kwa hiyo 17.1 inakubalika na 16.5 haikubaliki. Kisha vuta futi kamba kona kwa kona. Bodi ya 1,220 kwa 2,440 iliyokatwa sawa ina mshazari wa milimita 2,728 kila upande. Ukikuta mmoja 2,724 na mwingine 2,732, bodi hazitakutana kwenye fomu (kiunzi cha kumwagia zege), uji wa saruji utavuja kwenye kiungo, na ukifungua utakuta zege lina matundu kama sega la nyuki.

Hapa Dodoma hatuhitaji kufundishwa maana ya kupunjwa kwa kipimo. Wakala wa Vipimo wamepambana na lumbesa miaka nenda rudi, na mkulima wa Kibaigwa anajua kwamba gunia lililovimba kichwani linamwibia. Bodi ya 16 inayouzwa kwa bei ya 18 ni lumbesa iliyogeuzwa kichwa chini: safari hii anayeumia ni mnunuzi. Tofauti ni kwamba lumbesa unaiona kwa macho ukiwa ng'ambo ya barabara.

Baada ya unene kuna jina. Sokoni kila bodi nyeusi inayong'aa inaitwa "marini". Marini ya kweli, ile ya kutengenezea boti, inapimwa kwa mbao zilizotumika, kwa kutokuwa na mapengo ndani, na kwa gundi isiyoachia majini. Filamu nyeusi haihusiki na lolote kati ya hayo. Ni karatasi iliyolowekwa gundi ya fenoli na kubandikwa usoni ili zege lisishike. Chini ya filamu hiyohiyo panaweza kuwa na gundi ya aina tatu, na hapo ndipo bei zinapotofautiana kwa haki. Ya yurea ni ya ndani ya nyumba tu. Maji yakiingia, inaachia. Iliyochanganywa na melamini inavumilia zaidi. Ya fenoli ndiyo inayohimili kuloweshwa na kukaushwa mara nyingi.

Wengi huangalia rangi ya mstari wa gundi ubavuni: mweusi au wa kahawia ni fenoli, mweupe ni yurea. Usitegemee hilo. Melamini nayo ni nyeupe, na wapo watengenezaji wanaotia rangi kwenye gundi ya bei rahisi ili ifanane na fenoli. Jaribio linalosema kweli ni sufuria. Kabla ya kununua bodi 50, nunua moja. Kata vipande vinne vya sentimita 7 kwa 7 kutoka sehemu tofauti, vichemshe kwa muda wa saa nne, vianike siku nzima kwenye jua letu hili, vichemshe tena kwa muda uleule. Yurea mara nyingi haimalizi raundi ya kwanza. Kipande kinafunguka kama vitumbua vilivyolowa. Kilichosalia kipoe, kisha pachika patasi kwenye mstari wa gundi ubenue. Mbao ikichanika na kuacha nyuzi pande zote mbili, gundi imeshinda mbao na bodi ni nzuri. Tabaka likiachia safi, linang'aa, bila nyuzi, mrudishie mwenye duka na sufuria yake.

Sasa niingie kwenye ubishi wa ya nje na ya ndani, ambao kwa maoni yangu umepotoshwa na pande zote.

Bodi nyingi zinazotoka China zina tumbo la mpopla, mti mwepesi na laini. Uso wake ni mzuri kwa macho, lakini vinia ya juu, yaani tabaka jembamba la mbao la usoni, ina unene wa milimita 0.2 hadi 0.3 tu. Ukiweka mashine ya msasa sekunde chache unatokea upande wa pili, na doa hilo halifichwi na vanishi yoyote. Tumia msasa namba 180 kwa mkono, kufuata nyuzi. Kasoro yake kubwa iko tumboni: vipande vya vinia vilivyoungwa bila kukutana vinaacha mapengo, au vinapandana na kutengeneza nundu. Gonga kwa kifundo cha kidole kila baada ya shubiri moja. Penye pengo sauti inabadilika kama unagonga debe. Skrubu ikiangukia hapo haishiki kitu, na bawaba ya mlango wa kabati italegea kabla ya sikukuu. Skrubu ya ubavuni kwenye mpopla ni ya mashaka hata pasipo pengo.

Bodi zetu za Mafinga na Mufindi hutengenezwa kwa msindano na mkaratusi kutoka shamba la Sao Hill na kwa wakulima wadogo wanaolizunguka. Uzito wake ni mkubwa zaidi, hasa yenye mkaratusi, na skrubu inashika vizuri kuliko kwenye mpopla. Kwa shelfu ya vitabu, benchi, chaga za kitanda au meza ya darasa, ningeichukua hii bila kufikiri mara mbili. Udhaifu wake uko kwenye ukaushaji na umri wa mti. Msindano uliokatwa mchanga, wa miaka kumi au kumi na miwili, una mbao changa nyingi, na mbao changa hunywea hata kwa urefu wake, jambo ambalo mbao iliyokomaa karibu haifanyi. Tabaka moja likinywea na jirani yake lisinywee, bodi inajipinda kama pasi ya mkaa iliyoachwa wazi. Na vinia ikianikwa juani bila kupimwa unyevu, ikaingia kwenye mashine ya moto ingali mbichi, maji hugeuka mvuke katikati ya tabaka. Mashine ikifunguliwa mvuke unatafuta pa kutokea na unaacha malengelenge. Mengine huyaoni usoni, yanajitokeza wiki ya tatu ukishapaka rangi. Viwanda vyenye vikaushio vinavyopima unyevu havina tatizo hili, na tofauti kati ya kiwanda na kiwanda hapa nchini ni kubwa kuliko tofauti kati ya Tanzania na China. Ndiyo maana kusema "ya ndani ni mbovu" ni uvivu, sawa na kusema "ya nje ni imara".

Halafu kuna hewa ya Dodoma, ambayo hakuna kiwanda kinachoijua. Bodi iliyokaa ghala la Dar es Salaam imezoea unyevu wa bahari. Ukiileta huku mwezi wa tisa, pepo kavu zinavuma, inaanza kupoteza maji siku hiyohiyo, na upande unaopigwa na hewa unakauka kabla ya mwingine. Ukiiegemeza ukutani, Jumatatu utaikuta imekuwa upinde. Ilaze chini juu ya vijiti vilivyo sawa, kila sentimita 60, kijiti cha juu kikae juu ya kijiti cha chini, na juu kabisa weka bodi mbovu ya kukandamiza. Iache chumbani siku tano hadi saba kabla ya kukata. Ukibandika fomaika (karatasi ngumu ya urembo), bandika pande zote mbili. Mteja anayetaka kuokoa fedha kwa kubandika mbele tu amenunua mlango uliopinda. Mlango wa kabati unaozidi mita 1.5 uwe na bawaba nne. Ubavu wowote uliokatwa upakwe rangi ya mafuta mara mbili, hasa chini ya sinki na kwenye fomu, kwa kuwa maji huingilia ubavuni. Na mchwa wa huku hausomi lebo ya nchi: mpopla na msindano vyote ni chakula, usiikalishe bodi yoyote moja kwa moja kwenye sakafu ya udongo.

Kwa wajenzi, swali la bei linatakiwa kugeuzwa. Tufanye mfano wa hesabu tu: bodi ya sh. 60,000 inayokufa baada ya kumwaga zege mara nne inakugharimu sh. 15,000 kila mara. Ya sh. 95,000 yenye fenoli, ikitunzwa ikafika mara kumi na mbili, ni kama sh. 7,900. Kutunzwa maana yake kupakwa mafuta ya fomu, kubanduliwa kwa kabari za mbao badala ya mtalimbo, na kuwekwa mbavu zake rangi upya kila inapokatwa. Asiye na nia ya kuyafanya hayo anunue ya 60,000, asijidanganye. Na anayejenga chumba kimoja na sebule huko Nzuguni, akimwaga lenta mara moja tu, hana haja na fenoli hata kidogo. Atumie mbao za kawaida, au akodi.

Maombi yangu ni machache, na hayamgharimu mtu fedha nyingi. Shirika la Viwango na Wakala wa Vipimo waangalie bodi madukani kwa kalipa, za nje na za ndani kwa jicho moja. Viwanda na waagizaji wagonge muhuri ubavuni: unene halisi, aina ya gundi, aina ya mti, jina la mtengenezaji. Wanaoandaa mchanganuo wa gharama za majengo hapa mjini waache kuandika "plaiwudi ya mm 18" wakaishia hapo, kwa sababu mzabuni mwaminifu anayeleta 17.5 ya fenoli anashindwa bei na anayeleta 16 ya yurea, na kwenye karatasi wote wameleta kitu kimoja.

Wakati tukisubiri, mnunuzi ana risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi. Leo nyingi zinasomeka "plaiwudi pisi 10", na ukirudi kulalamika huna pa kuanzia. Mwambie mwenye duka aandike hivi: "Plaiwudi mm 18, isiyopungua mm 17.1, gundi ya fenoli, pisi 10." Akisita kuandika fenoli, muulize bei ya yurea.

Wako,
Fundi seremala,
Chang'ombe, Dodoma