Kopo la maziwa

Mwanangu,

Barua yako imefika, mama yako ameisoma mara mbili. Unasema wenzako wamepangiwa vikosi vya mapigano, wewe umewekwa stoo kuhesabu mablanketi, na nishani haimfuati mtu stoo. Neno hilo nimelala nalo siku tatu.

Sikiliza habari za Job Maseko wa Springs, Afrika Kusini. Alikuwa amewahi kufanya kazi mgodini, akaingia jeshini wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Jeshi lao halikumruhusu mtu mweusi kushika bunduki. Walikuwa madereva, wapishi, wabeba machela. Waliowekwa lindo walipewa mikuki na marungu. Mkuki, mwanangu, katika vita vya vifaru!

Juni 1942 Tobruk, kule Libya, ikaanguka mikononi mwa Wajerumani na Waitaliano. Watu zaidi ya 30,000 wakatekwa, Maseko akiwemo, na yeye na wenzake wakatumikishwa bandarini kupakua meli. Mgodini alikuwa ameijua baruti. Akachukua kopo dogo la maziwa, akalijaza baruti ya kutoka kwenye risasi, akatia utambi mrefu. Julai 21, wenzake wakiwazuga walinzi, akalificha kopo tumboni mwa meli, katikati ya mapipa ya petroli. Hakuwasha. Alingoja kazi iishe na wenzake watoke, ndipo akaugusa utambi kwa moto. Hapo ndipo ninapomstahi zaidi: nadhani aliondoka polepole, maana angekimbia angejulikana. Meli ikalipuka, ikazama. Baadaye alitoroka, akalivuka jangwa kwa miguu muda wa wiki tatu.

Alipewa Military Medal, nishani ya ushujaa ya Uingereza. Neville Lewis, mchoraji aliyemchora, alieleza kwamba alikuwa amependekezwa kwa Victoria Cross, iliyo kubwa kuliko zote, akanyimwa kwa kuwa ni Mwafrika. Hilo linanichoma mpaka leo. Mwaka 1952 aligongwa na treni, akafa maskini. Manowari iliyopewa jina lake ilikuja miaka mingi baada ya yeye kuzikwa.

Basi usinidharaulie stoo. Ukiandika tena, niambie mablanketi mangapi yametoboka, na ni nani kati ya wenzako anayelala akitetemeka. Mama yako anauliza kama sweta inakutosha mikono.

Ni mimi baba yako.