Risala ya Vijana Mafundi Matairi wa Ngamiani kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mwenyekiti wa Mtaa, mwalimu wetu, wazee wetu, mafundi wenzetu, mabibi na mabwana: asalaam alaikum, Bwana asifiwe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi vijana 14 wa ziba pancha tunakushukuru kwa kuja kutuhitimisha. Tanga ni mji wa waja leo waondoka leo, ila tunakuomba usiondoke kabla ya pilau.

Jioni, kazi zikipungua, mwalimu alikuwa akitusomesha sheria za matairi ya mbio za magari. Mwanzoni tulimcheka. Tairi la Formula 1, mbio kubwa za magari duniani, la lami kavu halina kashata hata moja, yaani ile mikato ya juu ya mpira. Ni kipara tangu kiwandani, nasi hapa kipara tunakikataa! Kumbe kule mpira unatakiwa uishike lami kwa upana wake wote, na mvua ikinyesha ndipo hufungwa yenye kashata, ya alama ya kijani au buluu.

Kanuni hutungwa na FIA, shirikisho la kimataifa la mbio za magari, na tangu 2011 matairi yote hutoka kampuni ya Pirelli. Kwa kawaida dereva hupewa seti 13 za lami kavu kwa wikiendi nzima. Kila tairi lina namba yake ya mistari ambayo mkaguzi huisoma, kwa hiyo la jirani huazimi. Mbio zikiwa kavu, ni lazima atumie aina mbili za matairi ya lami kavu. Asipotumia, matokeo hufutwa.

Lakini lililotukaa kichwani ni la mbio za Monza, Italia, 2015. Magari yakiwa yamepangwa tayari kuondoka, wakaguzi walipima tairi la nyuma kushoto la dereva Lewis Hamilton, wakakuta upepo umepungua psi 0.3 (psi ndicho kipimo cha upepo) chini ya kiwango. Psi 0.3! Hamilton akashinda, wasimamizi wakakaa kikao, wakaamua hakuna adhabu: lilipofungwa lilikuwa na upepo wa kutosha, ila blanketi la umeme la kulipasha lilishachomolewa, likapoa, upepo ukashuka. Hilo hata sisi tunalijua. Gari lililotoka Segera mchana, ukilipima papo hapo, geji inakudanganya.

Na geji zetu hudanganya hata asubuhi. Juzi tulipima tairi moja la Hiace kwa geji tatu: ya kwanza 38, ya pili 42, ya tatu, ile yenye kioo kilichopasuka, 35. Mwenye gari akauliza aamini ipi. Tukatazamana. Mwenzetu mmoja akasema, "Mwamini Mungu, mzee." Tulicheka. Mzee hakucheka.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, hatuombi jengo. Tunaomba utufikishe kwa Wakala wa Vipimo tupate geji moja iliyohakikiwa, ya kusahihishia nyingine. Ukijaliwa zaidi, kompresa; hii yetu ikijaza lori moja inaomba kupumzika.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi, vijana mafundi matairi,
Ngamiani, Tanga.