Asha, nitafutie betri za taa ya baiskeli

Isevya, Tabora

Shoga yangu Asha,

Salaam aleikum. Huku hatujambo, mama anaendelea vizuri na mguu wake, joto tu ndilo linatutesa. Nakuandikia mbio mbio kwa kuwa Mwajuma kaniambia wiki ijayo unapanda treni kwenda Dar, na mimi nina shida ya Kariakoo.

Shida yenyewe ni betri za kuchaji za taa ya baiskeli. Yule kijana wa kwa mzee Kapera aligongwa na bodaboda usiku, njia ya Kwihara. Baiskeli yake haikuwa na taa ya nyuma. Mwenye bodaboda analia mpaka leo kwamba hakumwona, nami namwamini, giza la pale kwenye miembe unalijua. Kavunjika paja, anapona alhamdulillahi, lakini tangu hapo nikitoka zamu ya usiku roho inanidunda.

Taa ninazo, mbele na nyuma, na ni nzuri. Tatizo ni hizi betri za dukani. Siku ya kwanza zinawaka kweli, halafu mwanga unapungua kidogo kidogo na huwezi kujua, kwa sababu unaizoea. Ya mbele angalau unaiona. Ya nyuma nani atakwambia imefifia, na wewe umeipa mgongo? Ukizisahau ndani zinavuja yale maji yanayokula springi. Zikiisha watoto wanaziokota jalalani na kuzichezea, inaniudhi sana.

Sasa sikiliza. Yule mpiga picha wa harusi wa hapa jirani anatumia za kuchaji kwenye flashi yake. Aliniazima mbili, nikatia kwenye taa ya mbele, nikarudi nazo nyumbani usiku. Asha, tofauti niliiona! Mwanzoni haiwaki kwa ukali wa betri mpya ya kawaida, kwa kuwa hizi ni volti 1.2 na zile ni 1.5, ila mwanga wake unabaki vilevile karibu mpaka mwisho. Ubaya wake ni mmoja: zikiisha zinaisha ghafla. Ndiyo maana nataka seti mbili, moja ndani ya taa na nyingine mfukoni.

Naomba uninunulie AA nne za mbele na AAA nne, zile nyembamba, za nyuma. Ziandikwe Ni-MH, ndizo za kuchaji za nikeli. Muhimu kuliko yote, ziwe za aina inayotunza chaji ikikaa bila kutumika. Za zamani ukiziacha wiki chache unakuta zimejipunguza zenyewe. Alizonazo mpiga picha ni Eneloop, nyeupe, kampuni ya Sanyo ilianza kuzitoa mwaka 2005 na siku hizi ni za Panasonic. Za AA huandikwa kama 2000 mAh, yaani kipimo cha chaji inayobebwa, za AAA kama 800 hivi. Ukiona AA imeandikwa 4000, rudisha na uondoke hapo dukani. Namba kubwa ndiyo mtego wao. Pima na uzito mkononi: AA halisi ya aina hii ina kama gramu 27, ya feki mara nyingi ni nyepesi, kama ganda la karanga lisilo na kitu.

Najua shemeji atasema ninunue taa ya lithiamu, kwa vile wao ziwani wameacha karabai na sasa wanavua dagaa kwa taa za betri. Mwambie namheshimu, na lithiamu kweli ina nguvu. Lakini zile za duara ziitwazo 18650, zenye upana wa milimita 18 na urefu wa 65, nzuri kabisa haizidi sana 3500 mAh, na mitaani zinauzwa zimeandikwa 9900! Mtu anayedanganya kwenye namba nitamwaminije kwenye usalama? Betri ya namna hiyo ikichajiwa kupita kiasi inaweza kushika moto, na mimi nachaji usiku watoto wamelala. Tena taa zangu haziingii hizo. Basi yaishe.

Chaja nayo uiangalie. Nataka inayochaji kila betri peke yake, kila tundu na kitaa chake. Zile zinazolazimisha mbili mbili, moja ikijaa mapema inaendelea kupikwa ikimsubiri mwenzake. Ikiwa ya waya wa USB itakuwa bora zaidi, maana umeme ukikatika nitaichomeka kwenye sola ya mama. Nikizipata nitaziwekea alama kwa rangi ya kucha, jozi na jozi yake, zisichanganyike mpya na kuukuu.

Ukikosa hela ya kutosha zote, anza na AAA za nyuma. Nasema tena, za nyuma. Mbele hata tochi ya simu itanisogeza, ila anayekuja nyuma yangu hana namna nyingine ya kujua nipo.

Treni ikisimama Tabora nitakuwepo stesheni na pesa, pamoja na dumu la asali ya Sikonge kwa ajili ya wifi yako wa Mbagala. Unasafiri siku gani hasa? Behewa namba ngapi? Unakwenda na Rehema au anabaki kwa bibi yake Ujiji? Yule fundi redio mliyekuwa mnanunua kwake Kariakoo bado yupo? Na ile habari ya Hamisi na mchumba wake imefikia wapi, mbona kila mtu ananyamaza nikiuliza? Nijibu kabla ya Ijumaa, nijue nikope au nisikope.

Wako akupendaye,
Zuhura